Uzito wa Mkono

Inspekta alikuwa na saa nne na nusu za kumnasua mchoraji au kumwacha apelekwe gerezani, na dakika kumi na mbili za kwanza zilimpotea akiwa amekaa kwenye kiti kisicho na miguu.

Tukisema kiti tunakipa heshima. Lilikuwa fuko la kitambaa la rangi ya chungwa, limeshindiliwa punje za plastiki, na kila alipojaribu kujiinua lilizidi kumdidimiza. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye magoti mabovu na cheo alichokisotea, hakustahili kupokewa hivyo. Ukuta wa mbele yake uliandikwa kwa herufi za kimo cha mtoto: OTA BILA BREKI. Aliyasoma maneno hayo mara tatu, akaamua kwamba aliyeyaandika hajawahi kuendesha hata baiskeli.

"Nikuvute, Afande?" aliuliza koplo wake, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikuwa na akili ya kubaki amesimama.

"Gusa mkono wangu uone."

Kampuni ile ilitengeneza programu ya kuchorea inayokaa ndani ya kivinjari. Hununui wala husakinishi kitu. Unafungua kivinjari chako kama mtu anayekwenda kusoma habari, unaandika anwani, na ubao mweupe unakutokea na rangi zake zote. Watu ishirini wanaweza kuchora kwenye ubao mmoja kila mtu akiwa kwake, na kishale cha kila mmoja kinatembea kikiwa na jina lake pembeni. Inspekta alikuwa amesimuliwa hayo mara nne tangu juzi, na wote wanne walitumia neno "mapinduzi". Yeye alichokijua ni kwamba mtu mmoja amekufa.

Aliyekufa ndiye aliyeiandika programu hiyo, mzee wa miaka hamsini na nane ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Mstari, kwa kuwa ile sehemu inayofanya mkono ukipita mstari utokee ilikuwa kazi yake peke yake. Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alianguka kutoka kwenye paa la ghorofa ya nne, alikokuwa akipanda kuvuta sigara. Ukingo wa paa lile ulimfika kifuani. Mtu havuki ukingo wa namna hiyo bila kusukumwa, na daktari alikuta alama za vidole kwenye mikono yake yote miwili, juu ya viwiko.

Kadi iliyofungua mlango wa ngazi za nyuma dakika sita kabla ilikuwa ya mchoraji wa kampuni. Na Jumatatu jioni mchoraji huyohuyo alikuwa amempigia kelele Mzee Mstari mbele za watu, kwamba programu yake imemmezea picha ya mama yake, na kwamba mtu wa namna yake dawa yake ni kutupwa nje. Alipokamatwa alisema Jumanne hakutoka nyumbani, alikuwa akichora, na kadi aliisahau kwenye droo ofisini. Seva ya kampuni ilisema hakuchora chochote. Basi leo, Alhamisi, alikuwa bado kwenye mahabusu ya kituo, na saa nane na nusu mchana angesomewa shtaka la mauaji. Nje ya mahabusu, kwenye benchi la mbao, mama yake alikuwa amekaa tangu alfajiri na mjukuu wa miezi saba, akimwingiza ndani kila baada ya saa tatu anyonye. Gereza la wanawake lilikuwa mbali, na huko mlango haufunguliwi kwa ratiba ya mtoto.

"Karibuni nyumbani," alisema mkurugenzi alipojitokeza hatimaye. Wafanyakazi walimwita Maono akiwapa kisogo, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Alivaa raba nyeupe bila soksi, akamtazama Inspekta akihangaika kutoka ndani ya fuko asimpe mkono. "Sisi hapa hatuna mabosi. Hapa ni familia."

"Familia imefiwa," alisema Inspekta, akiishika meza. "Tukae penye viti vyenye miguu."

Chumba cha mikutano kilikuwa navyo. Ukuta wake mmoja ulikuwa mweupe mtupu, umeangaziwa projekta, na juu yake picha ilikuwa ikijichora yenyewe, mstari baada ya mstari, kishale chenye neno "Mkurugenzi" kikienda na kurudi. Lilikuwa paji la uso la mtu mzee.

"Hayo ndiyo marudio," Maono alieleza bila kuulizwa. "Ubao unakumbuka kila mstari kwa mpangilio wake, kwa hiyo picha yoyote unaweza kuirudia tangu mwanzo, kwa mwendo uleule wa mkono, mapumziko tu ndiyo yanarukwa. Hiyo ni yangu ya Jumanne. Nimeiacha izunguke. Inawapa vijana nguvu kipindi hiki cha majonzi."

Inspekta hakuelewa nani anapewa nguvu na picha iliyochorwa na bosi wake, lakini aliliacha lipite.

"Tuanze na Jumanne."

"Nilishaandika maelezo jana."

"Nayasikia vizuri zaidi yakisemwa."

Maono alipumua kwa nguvu, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito kuhesabu. "Saa nne kamili nilikuwa nyumbani kwangu, mezani, nawaonyesha wabia wetu wapya maono ya ubao. Wao wako nje ya nchi. Wafanyakazi wangu kumi na mmoja walikaa hapahapa, wakanitazama kwenye huu ukuta. Saa nne kamili mpaka saa nne na dakika arobaini."

"Walikutazama wewe?"

"Kishale changu."

"Na sauti?"

"Nilizungumza dakika tano za mwanzo, kisha nikanyamaza ili kazi iseme. Nikarudi mwishoni kushukuru."

"Kamera?"

"Situmii. Inawaondoa watu kwenye kazi."

"Kwa hiyo kwa dakika thelathini na tano hakuna aliyekuona wala kukusikia."

"Watu kumi na mmoja na wabia tisa waliniona nikichora, Inspekta. Hata sikio nilikosea, nikafuta, nikalirudia, wakacheka humu ndani. Waulize."

Koplo alikuwa ameshawauliza. Wote walilitaja sikio. Ndilo lililowahakikishia kwamba ni yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwenye akili anayetayarisha kosa.

"Mzee Mstari hakuja kutazama?"

"Yule? Saa nne na robo yuko juu na sigara yake, kila siku ya Mungu. Alikuwa fundi mzuri. Hakuwa na maono."

"Ulikuwa unachorea kalamu gani?"

Maono alicheka kwa pua. "Kalamu za umeme ni za wanaochechemea. Mimi nachora kwa kipanya tangu siku ya kwanza. Sijawahi kumiliki kalamu hata moja. Koplo anaweza kuliandika hilo."

"Niliandika jana," alisema koplo bila kuinua macho. "Nilifika mpaka nyumbani kwako. Kompyuta moja, kipanya kimoja, kikombe kimoja. Ukatia sahihi."

Inspekta hakuwa akisikiliza tena. Ukutani uso ulikuwa umekaribia kukamilika. Alikuwa mama mtu mzima, mashavu yamebonyea, jicho moja dogo kuliko lenzake, na kilemba kilichofungwa fundo lake likakaa mbele ya sikio la kushoto badala ya kisogoni. Chini ya jicho dogo palikuwa na chunjua mbili zilizoshikana. Inspekta alikuwa amempita mwanamke huyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye benchi la kituo, akimpa shikamoo, na mwanamke akaitikia bila kuacha kumbembeleza mtoto.

"Huyu ni nani?" aliuliza polepole.

"Nani?"

"Uliyemchora."

"Hakuna mtu. Nilimtoa kichwani." Maono aligonga paji lake kwa kidole. "Wengine tunazaliwa nayo."

Inspekta alisimama, akaaga, akatoka kabla uso wake haujamsaliti. Dharau aliyoingia nayo mlangoni ilikuwa ya mtu aliyepotezewa muda. Sasa alikuwa na ya pili, nzito zaidi, na hiyo ilimlenga mkurugenzi peke yake.

Mtu pekee mle ndani ambaye hakuwahi kumwambia neno "mapinduzi" alikuwa amewekwa kwenye chumba cha mashine za kuchapa, nyuma ya maboksi ya karatasi. Kazi yake ilikuwa kuijaribu programu mpaka iharibike, kisha kuandika imeharibikaje. Walimwita Mama Hitilafu, na aliposikia jina hilo hakukasirika, maana ndilo lililokuwa likimlisha.

"Mnatafuta nini tena?" aliuliza. "Mlishachukua hata kalenda yangu."

"Natafuta mtu anayeijua hii programu na asiyeipenda."

Mama Hitilafu alivuta maboksi mawili ya kukalia. "Basi mmefika."

Koplo alitoa kompyuta ya mchoraji kwenye mfuko wake wa vielelezo, akaonyesha lakiri kwamba haijaguswa, akaikata, akaandika saa, wote watatu wakatia sahihi. Mambo hayo Inspekta hakuyaruka hata siku moja. Alishaona muuaji akirudi nyumbani kwake kwa sababu ya sahihi moja iliyosahauliwa.

"Seva inasema Jumanne hakuchora," alisema. "Nieleze kwa maneno ya mtu aliyesoma shule ya kawaida."

"Seva inaandika kinachoifikia tu. Mtandao ukikatika, haifikiwi." Mama Hitilafu alianza kubonyeza. "Lakini Mzee Mstari hakuwa anaiamini seva. Alipanga kila mstari uwekwe kwanza humu ndani ya kivinjari cha anayechora, halafu ndipo utumwe. Watu walimcheka. Maono alimwambia anajaza kompyuta za watu takataka." Akageuza skrini. "Haya. Jumanne, saa tatu na nusu mpaka saa tano kasoro robo. Mistari mia tisa, haijatumwa. Mtandao ulikatika mtaani kwao siku hiyo, mkitaka waulizeni majirani."

Koplo alishusha pumzi. "Kwa hiyo alikuwa nyumbani."

"Saa ya kompyuta inaweza kurudishwa nyuma?" aliuliza Inspekta.

"Hata na mtoto."

"Basi wakili wake ataifurahia, na mwendesha mashtaka ataitupa nje kabla hajakaa vizuri. Haitoshi." Aliinamia skrini. Kila mstari ulikuwa na safu yake ya tarakimu: muda, mahali ulipopita, rangi. Safu ya mwisho ilikuwa ikipanda na kushuka bila utaratibu: thelathini na moja, arobaini na saba, sitini na mbili, ishirini. "Hizi ni nini?"

"Uzito wa mkono. Kalamu ya umeme inapima ulivyoikandamiza, kwa sehemu za mia. Ukilegeza mstari unakuwa mwembamba, ukikaza unanenepa. Hiyo ndiyo kazi aliyoisumbukia marehemu miaka sita."

"Na anayechorea kipanya?"

"Kipanya hakijui uzito. Kimebonyezwa au hakijabonyezwa, basi. Ila kivinjari lazima kijaze hapo kitu, kwa hiyo kinajaza nusu. Hamsini. Ubonyeze kwa hasira, hamsini. Ubonyeze kwa mapenzi, hamsini."

"Kila mstari?"

"Kila mstari wa kila kipanya."

Nyuma yao mashine moja ilikuwa ikitema karatasi zenye maneno OTA BILA BREKI.

"Nitolee ya Maono," alisema Inspekta. "Ile ya Jumanne, iliyo ukutani."

Mama Hitilafu aliitoa. Safu ya mwisho ilisomeka ishirini na nane, hamsini na tano, sabini, kumi na tisa. Aliishusha mpaka chini, akaipandisha mpaka juu, mdomo wake ukiwa wazi kidogo.

"Mbwa yule," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hakushika kipanya."

"Wala kalamu hana. Uso huu ni wa mama yake mchoraji, ninamfahamu, yuko kituoni kwangu. Jumatatu mchoraji alilalamika kwamba picha ya mama yake imepotea. Ilipotelea wapi?"

"Seva ilipokea amri ya kuifuta. Tulidhani ni hitilafu." Vidole vya Mama Hitilafu vilikuwa vimeshaanza kukimbia. "Lakini programu ikiambiwa picha imefutwa haiitupi. Inaificha tu humu kwenye kompyuta ya mchoraji, mpaka nafasi ijae. Mzee Mstari hakuwahi kutupa kitu maishani mwake, hata risiti. Mchoraji asingeweza kuiona. Mimi naweza."

Iliwachukua dakika kumi na moja. Picha ilikuwa humo, ya Jumapili na Jumatatu, mistari elfu moja mia nne na kumi na miwili. Picha ya Maono ilikuwa na mistari elfu moja mia nne na kumi na miwili. Koplo alizisoma tarakimu za uzito kwa sauti kutoka skrini moja, Mama Hitilafu akimfuatisha kwenye nyingine, na walipofika mstari wa sitini Inspekta aliwaambia inatosha.

"Kimebaki kishale," alisema. "Jumanne jina lililotembea lilikuwa lake."

Mama Hitilafu alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kisicho na furaha. "Ukifungua marudio kwenye ubao wa pamoja, kishale kinabeba jina la aliyeyafungua, na watazamaji wanaona kana kwamba anachora muda huohuo. Niliiripoti mwezi wa pili. Ripoti mia tatu na saba. Someni alivyonijibu bwana mkubwa."

Jibu lilikuwa na sahihi ya mkurugenzi na tarehe. *Hii si hitilafu, ni kipengele. Haitarekebishwa.*

"Chapa nakala tatu," alisema Inspekta. "Na uniambie alikuwa anamwogopea nini yule mzee."

"Kesho, Ijumaa, Mzee Mstari alikuwa auweke hadharani msimbo wake wa mstari, kila anayetaka autumie bure. Mkataba ulimruhusu, aliuandika mwenyewe wakati Maono bado anatafuta rangi ya viti. Wabia wasingekuwa na cha kufuata hapa. Maono alikuwa anauza kitu ambacho hajawahi kukigusa."

Ilikuwa saa saba na dakika tano Inspekta alipoagiza wafanyakazi wote kumi na mmoja warudi kwenye viti walivyokalia Jumanne. Maono aliingia wa mwisho, simu mkononi, akauliza kama jambo hili litachukua muda mrefu, maana ana kikao.

"Dakika tatu," alisema Inspekta. "Nataka kuona maono. Nichoree sikio."

"Samahani?"

"Sikio. Kwa kipanya chako. Lile ulilokosea."

Watu walitazamana. Maono alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akakaa, akachora. Ukutani kilitokea kitu ambacho kwa huruma ungeweza kukiita kipande cha muhogo. Hakuna aliyecheka. Mama Hitilafu, aliyekaa kwenye kona na kompyuta yake, alibonyeza mara moja, na pembeni mwa kile kipande zikashuka tarakimu zake: hamsini, hamsini, hamsini, hamsini, mpaka chini ya ukuta.

"Huo ndio uzito wa mkono wako," alisema Inspekta. "Kwa kipanya hautabadilika mpaka kiama. Sasa, mama, tuwekee Jumanne."

Tarakimu nyingine zikashuka kando ya zile, zikipanda na kushuka. Mkimya mmoja katikati ya wafanyakazi, aliyejua maana yake, alivuta kiti chake nyuma.

"Vivinjari vina makosa yake," alisema Maono.

"Vinayo."

"Basi labda siku hiyo niliazima kalamu. Siwezi kukumbuka kila kitu."

Koplo alifungua daftari lake na kusoma kwa sauti ile anayosomea orodha ya mali zilizookotwa. "'Sijawahi kumiliki wala kutumia kalamu ya umeme, na Jumanne nilichorea kipanya.' Jana, saa kumi na robo. Sahihi hii hapa, ina mkia mrefu."

"Endelea, mama," alisema Inspekta.

Ukuta uligawanyika mara mbili. Upande wa kulia palikuwa na picha ya Jumanne. Upande wa kushoto ilikuwepo ya Jumatatu, iliyochimbuliwa kwenye kompyuta ya mchoraji. Zikaanza kwenda pamoja kwa kasi, paji na paji, kilemba na kilemba. Kwenye dakika ya kumi na tisa mkono wa kushoto ulikosea sikio, ukafuta, ukarudia, na mkono wa kulia ulikosea sikio lilelile, ukafuta, ukarudia, bila kupishana hata nukta moja. Kutoka kwenye viti ilisikika pumzi ya watu waliokuwa wamelicheka kosa hilo siku mbili zilizopita.

"Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa," Inspekta alisema. "Watu hawa wanacheka sikio. Wewe uko juu ya paa. Dakika moja baadaye Mzee Mstari yuko chini. Nyumba yako ni mwendo wa dakika saba kwa gari. Kadi uliitoa kwenye droo Jumatatu, ulipobaki hapa wa mwisho, na kabla ya hapo picha ulikuwa umeinakili na kuifuta kwenye seva, ukapata vitu viwili kwa mpigo: kitu cha kuonyesha, na ugomvi wa kumtupia mwenzako. Ripoti mia tatu na saba ninayo mfukoni. Unataka nikusomee jibu lako?"

Maono hakutaka. Alikuwa akiutazama ukuta, na kilichomuuma, Inspekta aliona waziwazi, hakikuwa maiti. Kilikuwa lile sikio la muhogo lililobaki pale juu, na watu kumi na mmoja wakilitazama.

"Alikuwa anaigawa bure," alisema hatimaye. "Kazi yangu. Kwa kila mpuuzi mwenye kivinjari."

"Kazi yako ipi?"

"Mimi ndiye niliyeiona."

"Kuona hata paka anaona," alisema Inspekta. "Koplo, mfunge pingu. Na zile raba zina kamba. Zitoe kabla hajaingia ndani."

Alipopita mapokezi lile fuko la chungwa lilikuwa bado limebonyea alipokuwa amekaa. Alilisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshavaa kofia ya kwenda mahakamani. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Alizisoma nakala zote tatu akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, yote ya maana, akavua kofia. Mchoraji aliachiwa kwa saini tano, na askari wa zamu alikwenda kumfungulia bila haraka yoyote, kwa kuwa haraka si desturi yao.

Inspekta alikaa kwenye benchi, kando ya mama wa kilemba. Mtoto alikuwa amechoka kulia, anakwaruza kifungo cha shati lake.

"Anatoka sasa hivi, mama."

"Mlisema hivyo jana."

"Jana alisema koplo. Leo nasema mimi."

Mama hakumshukuru, na Inspekta hakuona kwa nini amshukuru. Siku mbili za benchi la mbao kwa kosa la mpumbavu mwenye raba; kama angekuwa yeye angekuwa ameshatukana mtu.

"Ile picha yangu," alisema mama. "Alilia sana juu yake. Ilipatikana?"

"Ilipatikana. Ila itabidi tukae nayo. Sasa ni kielelezo."

"Nilikaa siku mbili kwenye kigoda asijue nimechoka. Akaniambia nisitikisike." Alimwinua mtoto begani. "Nilitikisika mara moja tu. Huyu alishtuka usingizini akalia, nikageuza kichwa, mwanangu akaniharibu sikio. Akafuta, akaanza upya. Alinigombeza kweli."

Inspekta alibaki amemtazama yule mtoto. Kule ofisini watu kumi na mmoja walikuwa wamelicheka kosa hilo, na mtu mzima mwenye kampuni alikuwa amesema ni lake.

"Koplo," aliita. "Lete daftari. Mama ana maelezo."

"Kuhusu nini, Afande?"

"Kuhusu sikio. Andika kila neno, na umsomee kabla hajatia kidole."

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Mchoraji alitoka bila viatu, akawa anavitafuta kwa macho sakafuni, kisha akaacha kuvitafuta. Mtoto alimnusa kabla hajamwona, akageuka, na mchoraji akamchukua, akakaa palepale kwenye benchi kati ya wale wanawake wawili, akafungua kifungo. Koplo alijigeuzia ukutani na daftari lake, akasubiri mpaka mtoto ashibe ndipo aanze kuandika.